Stara ya Bure

1

Kulikuwa na zama pale Tanga ambapo mtu akiisikia sauti ya mama yake mzazi simuni, jambo la kwanza analofanya ni kuikana. Si utovu wa adabu, jamani. Mashine zilikuwa zimejifunza kuigiza koo la kila mtu, na waliouziwa viwanja na sauti za marehemu walikuwa hawahesabiki. Neno lililosemwa hivihivi halikuwa na mwenyewe tena. Mahakama haikulitaka, kadhi hakulitaka, hata mchumba hakulitaka. Lililoaminika lilikuwa moja tu, lile lililofungwa kwa Stara likiwa bado la moto kinywani.

Stara ilivaliwa shingoni kama kidani. Ukiishika huku unasema, inachukua maneno yako na mapigo ya moyo wako, inayasuka pamoja, basi hakuna wa kulighushi neno hilo na hakuna wa kulifungua bila wewe. Kampuni iliyoitengeneza iliitoa kwa namna mbili. Kulikuwa na Stara ya bure, ya mambo ya nyumbani: wasia, ugomvi wa ndugu, mapenzi, nasaha. Na kulikuwa na Stara ya biashara, ya kulipiwa leseni, ambayo mwenye nayo sharti aandikishe jina lake na majina ya wateja wake wote kwenye Daftari la Wazi, linalosomwa na yeyote mwenye macho. Aliyeficha biashara chini ya ile ya bure alivuliwa. Yote yaliyofungwa kwenye kidani chake, la kwanza hadi la mwisho, yalimwagwa kwenye Daftari hilohilo. Maana ufunguo wa pili wa Stara ya bure ulikuwa kwa kampuni, na jambo hilo liliandikwa wazi kabisa katika masharti. Nani husoma masharti?

Mwamuzi wa nani ni mfanyabiashara na nani si mfanyabiashara alikuwa mashine iitwayo Mizani. Mizani haikuruhusiwa kusikiliza yaliyofungwa. Ilikaa mlangoni tu, ikatazama nani kaingia, kashika nini, na katoka bila nini. Kila kitu kilichouzwa dukani siku hizo kilikuwa na chembe ndani yake inayojitambulisha, kuanzia gari mpaka pakiti ya chumvi, na vidani vilizisikia chembe hizo. Mtu akiingia na kitu, akakiacha, kisha siri ikafungwa, Mizani iliuliza moyoni mwake: je, hayo ni malipo?

Nayo ilifundishwa kujibu na binadamu. Mwalimu wake kwa mkoa mzima wa Tanga alikuwa Tunu Mhina, mwanamke wa makamo, mwepesi wa kicheko, mzaliwa wa Pongwe, aliyekuwa na ofisi yake Chumbageni na kikombe cha chai kisichoisha mezani.

Asubuhi hiyo chai ilikuwa haijafika nusu Mizani ilipomletea majina ya waliobainika. Ilikuwa kazi ya kila siku. Mizani hutaja, Tunu hupitisha, watu hupewa notisi mpaka adhuhuri ya kesho yake. Kwa kawaida alipitisha akizungumza na wenzake habari za arusi. Siku hiyo naye alipitisha vivyo hivyo, akacheka kitu alichosimuliwa na mtu wa meza ya pili, kisha macho yakarudi kwenye kioo na kuliona jina lililokuwa la mwisho. Mwanamvua binti Sheta, Pongwe. Matumizi ya nyumbani: si kweli. Aina ya biashara: ushauri kwa wanawake. Ushahidi: vitu hutangulia siri, kila mara.

Kicheko kilikatika. Bi Mwanamvua alikuwa somo yake. Ndiye aliyemcheza mwali, ndiye aliyemtia ndani msichana na kumtoa mwanamke, akimfunda mambo ambayo mtu hafundwi na mama yake. Na Tunu hakuhitaji kuuliza Mizani imejuaje. Aliyemuuza Bi Mwanamvua alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Hapo nyuma wahandisi wa makao makuu walikuwa wamekwama. Kulikuwa na waganga wa uongo mkoani waliotajirika chini ya Stara ya bure, na Mizani haikuwaona kwa sababu hawakupokea malipo yoyote baada ya kazi. Wahandisi walikuna vichwa. Tunu akawacheka. Akawaambia ninyi mnatazama nyuma, sisi kwetu kitu hutangulia. Mganga, fundi, kungwi, mwalimu wa chuoni, hakuna anayeanza kazi mpaka amepewa kifungua mkoba, na mkono mtupu haulambwi. Wale watu wakamwomba mfano wa kuifundishia mashine. Naye, kwa kutaka sifa, akawapa mfano uliokuwa karibu zaidi na moyo wake: mama yake akimkabidhi kungwi doti ya kanga na pishi ya mchele kabla mwali hajafungiwa mlango. Jina hakulitaja. Lakini kila kitu kingine alikitaja, mpaka namna mikono inavyoinuliwa wakati wa kupokea.

Wakampigia makofi. Wakampandisha cheo. Na kweli matapeli walikamatwa, tena wengi, akiwemo yule Tabibu Mfaume aliyekuwa akiuza chaki iliyosagwa kama dawa ya homa, na aliyeua watoto kwa mikono yake miwili. Tunu alitembea mjini kifua mbele mwaka mzima kwa sababu ya Tabibu Mfaume.

Alijaribu kulirudisha jina. Mizani ikamjibu kwa adabu zake kwamba lililopitishwa limepitishwa, na notisi imekwisha kwenda.

2

Alifika Pongwe mchana, akaegesha pikipiki nje ya ua na kupiga hodi. Bi Mwanamvua alikuwa barazani akichambua mchicha, mama mnene mweupe wa nywele, na kidani chake amekitundika kwenye msumari. Kilikuwa kikiwaka taa nyekundu. Alikuwa amekifunika kwa kitambaa, akidhani kimeingia maji.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwari wangu. Leo umenikumbuka? Au umefukuzwa kazi?"

Tunu alijaribu kutabasamu. Bibi akamtazama mara moja, akaacha mchicha, akamwita mtu aliyekuwa ndani alete mkeka. Aliyetoka na mkeka alikuwa mwanamke kijana aliyejitanda kanga mpaka kidevuni pamoja na joto lote lile. Alipoinama kutandika, kanga ikateleza, na Tunu akaona shingo na bega vilivyoungua na kupona vibaya. Bibi akasema huyu anaitwa Sijali, ni mgeni wangu. Hakuongeza neno, naye Sijali akajifunika upesi na kukaa kando.

Tunu alieleza. Alianza na notisi, akaja kwenye adhuhuri ya kesho, akaja kwenye Daftari la Wazi. Kadiri alivyokwenda ndivyo Sijali alivyozidi kukauka pale alipokaa, na haikuchukua muda Tunu kuambiwa ni kwa nini. Mumewe alikuwa mwenye malori, mtu wa fedha na wa kisasi, aliyemmwagia maji yanayochemka mbele ya mtoto wao. Siku ileile, kabla vidonda havijafungwa, Sijali alikimbilia kwa Bi Mwanamvua na kuyasema yote huku ameshika kidani cha bibi: alivyofanywa, na nani aliona, na atakuwa akijificha wapi. Baada yake walikuja wengine wenye mikasa yao. Mtoto wa Sijali alibaki kwa mama mkwe. Kesi ya kumdai mtoto ilikuwa mbioni, na ushahidi wa kesi hiyo ulikuwa mmoja tu, maneno yale yaliyofungwa. Mwenye malori naye hakulala. Aliweka watu wa kulipekua Daftari la Wazi kila kukicha, akingoja jina la mkewe lijitokeze popote, hata kwenye risiti ya sukari.

"Hiyo mashine imejuaje?" Bi Mwanamvua aliuliza. "Mimi sijauza kitu katika maisha yangu, hata kisamvu."

"Imeona kifungua mkoba, somo."

"Imeona. Nani kaionyesha?"

Tunu alitazama mkeka. Angeweza kusema wahandisi. Angeweza kusema mambo ya kitaalamu, na bibi asingejua. Lakini mbele ya kungwi wako huna pa kujificha, amekwishakuona ukiwa huna nguo wala akili. Akasema, "Mimi."

Bi Mwanamvua hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama aliyafundisha yote au nusu, na Tunu akasema yote, mpaka mikono. Bibi akatikisa kichwa taratibu. Siku ile alipomfunda alimwambia mengi, lakini la kwanza kabisa lilikuwa kwamba ya ndani ni ya ndani, na mwali aliyeyatoa nje hana somo tena. Hakulirudia sasa. Tunu alitamani alirudie, amkaripie, ampige hata kofi, maana kule kunyamaza kulimwingia mpaka mifupani.

Baadaye Tunu alileta njia aliyoifikiria barabarani. Kabla ya adhuhuri Mizani humuuliza mtuhumiwa swali moja kwa sauti yake mwenyewe: je, unapokea kitu chochote? Bibi ajibu kwamba hapokei, kwamba kanga na mchele na nazi ni zawadi za watu wanaompenda. Mizani ingesita, notisi ingesogezwa mbele, wangepata nafasi ya kupumua.

"Nitasema sipokei?"

"Ni neno moja tu, somo."

"Sikiliza, Tunu." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwita kwa jina. "Mtu akija kwangu mikono mitupu akanieleza yake, mimi nimesikia umbea. Naweza kuutoa kesho kisimani, na hana la kunidai. Lakini nikipokea chake, hata kama ni punje ya iliki, nimejifunga. Siri yake ni yangu mpaka naingia kaburini. Sasa wewe unataka nishike hicho kidani nikasema kwamba mimi kwa huyu mtoto sikupokea kitu?"

Sijali aliinua uso. Tunu alielewa, na kuelewa huko hakukumpa raha hata kidogo. Kile alichoifundisha mashine kuwa ni alama ya biashara ndicho kilichokuwa kufuli lenyewe. Kampuni ilitengeneza kidani juzi, lakini watu wa Pongwe walikuwa wakifungana siri kwa doti ya kanga tangu enzi na enzi, na yeye alikuwa ameichukua elimu hiyo akaipeleka ofisini ili apigiwe makofi.

Kununua leseni kulikuwa hakuna maana. Leseni ilitaka majina ya wateja kwenye Daftari, na jina ndilo lililokuwa likiwindwa. Ilibaki njia moja ambayo Stara ilimruhusu kila mtu, nayo ni kuchoma. Mwenye kidani huyachoma yaliyomo, basi hakuna wa kuyasoma, si kampuni, si mume, si hakimu.

Sijali ndiye aliyeitaja. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ichomwe. Akikamatwa atauawa, na maiti haidai mtoto. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kama hakimu anaweza kuamini kovu bila maneno. Tunu akamwambia hapana. Makovu nayo hughushiwa.

"Basi chomeni," Sijali alisema, "lakini kesho. Leo niacheni bado niwe mama yake."

Bi Mwanamvua akamvuta na kumlaza kifuani. Tunu alisimama kwa sababu hakuweza kukaa. Akajisikia akisema wasichome, wasiguse kitu, iko njia nyingine ofisini na yeye ataishughulikia. Bibi akamuuliza njia hiyo itamgharimu nani. Tunu akajibu kwamba itamgharimu yeye mwenyewe tu.

Huo ulikuwa uongo, naye alijua ni uongo kabla hajawasha pikipiki.

3

Mkuu wake wa kazi, Bwana Lwitiko, alikuwa Mnyakyusa mtaratibu asiyependa makelele, na mtu mwema, jambo lililofanya asubuhi ya siku ya pili iwe ngumu zaidi. Mbele ya mtu mbaya ungeweza kukasirika. Alimsikiliza Tunu, akamwomba asitaje jina la mtu yeyote anayejificha, kwa sababu asilolijua halitamtoka. Kisha wakakaa kuifikiria njia aliyokuja nayo.

Iliitwa kukana somo. Mwalimu wa Mizani akishika kidani na kuapa kwamba jambo fulani alilolifundisha lilikuwa uongo, Mizani hulifuta, na kila hukumu iliyotokana nalo hurudi nyuma. Waliovuliwa hufunikwa tena. Sheria hiyo iliwekwa ili mashine isibaki na makosa ya binadamu. Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kuitumia, maana mwalimu anayekana hafundishi tena.

"Kazi niachie mimi niilie mwenyewe," Tunu alisema.

Bwana Lwitiko akasema si kazi anayoizungumzia. Akamkumbusha Tabibu Mfaume. Yule bwana hakukamatwa kwa chaki wala kwa makaburi. Alikamatwa kwa kifungua mkoba. Alipovuliwa, yakatoka maneno aliyoyafunga mwenyewe, akimwelekeza msaidizi wake chaki asage vipi, na akicheka kwamba homa ikimshinda mtoto watasema ni kazi ya Mungu. Kesi yake ilikuwa Jumatatu. Somo likifutwa, maneno yale yatafunikwa.

Tunu aliuliza kama nakala zake si zipo mahakamani.

"Nakala ya neno lisilo na Stara ni sauti tu," Bwana Lwitiko alisema. "Wakili wake atasema tumeigiza. Na wajua mwenyewe mahakama haiamini sauti tupu."

Basi waombe Bi Mwanamvua aondolewe kwenye orodha yeye tu. Haikuwezekana; anayeachwa huandikwa sababu, na sababu huandikwa kwenye Daftari la Wazi. Basi Mizani ifundishwe upya, itenganishe nazi ya mwenye dhiki na mbuzi wa tapeli. Ingewezekana, Bwana Lwitiko alisema, kwa mwezi mmoja au miwili ya kazi. Adhuhuri ilikuwa leo. Akamtazama Tunu kwa huruma, akasema hamwamrishi kitu, ila ajue kwamba huko Duga kuna mama anayehesabu saa za kuingia mahakamani, na kwamba mtoto wa huyo mama hakumkosea mtu.

Tunu alimjua huyo mama. Mtoto wake aliyekufa kwa chaki ile aliitwa Mwinjuma.

Akabaki peke yake na kidani cha ofisi. Jamani, kuna watu wanaosema katika jambo kama hili moyo hukuonyesha njia. Moyo wa Tunu haukumwonyesha kitu. Ulimwonyesha Sijali, kisha Mwinjuma, kisha Sijali tena, na mmoja alikuwa hai na mwingine alikuwa amekufa, naye akajiambia aliye hai ndiye anayeweza kuumizwa bado. Alijiambia hivyo kwa nguvu sana. Lakini alimjua Mama Mwinjuma, naye alikuwa hai pia.

Zaidi ya yote kulikuwa na kiapo chenyewe. Mizani haikutaka aseme samahani, wala nilifanya haraka, wala nilitoa siri isiyo yangu. Ilitaka aseme kwamba lilikuwa uongo. Nalo halikuwa uongo. Tabibu Mfaume alipokea mbuzi na runinga na kuviita kifungua mkoba, kama Tunu alivyosema. Alilotenda kwa sifa tupu lilikuwa kweli, na sasa angefanya uongo kwa ajili ya wema. Alishika kidani. Kikamchukua mapigo, yakawa yanakwenda mbio kiasi kwamba Mizani iliuliza kama ni mgonjwa na kama angependa kuahirisha.

Akasema hapana. Akasema, "Mimi Tunu Mhina nilifundisha kwamba kifungua mkoba ni malipo. Nilifundisha uongo."

Mizani ikamshukuru kwa uaminifu wake.

Kisha majina yakaanza kufunikwa kwenye kioo, moja baada ya jingine, kuanzia lile la mwisho. Mwanamvua binti Sheta likazimika mapema. Tunu aliyapa kisogo yaliyobaki, akatoka na kusimama ukumbini mpaka Bwana Lwitiko alipomjia na kumwambia imekwisha. Simu ya Pongwe ilimkuta hapo. Hakuipokea. Aliogopa kushukuriwa.

4

Ofisi ilitaka kupeleka barua Duga. Tunu akaomba apeleke mwenyewe. Bwana Lwitiko alimkumbusha tu kwamba hana ruhusa ya kueleza sababu, kwa mtu yeyote, kwa namna yoyote, kwani mwenye malori ana masikio kila mtaa, na siri iliyofunikwa jana ikivuja leo itakuwa imeua pande zote mbili. Tunu akasema anajua.

Mama Mwinjuma alimpokea kwa mikono miwili. Tangu siku ile Tunu alipomletea habari kwamba maneno ya tabibu yamepatikana, alimwita mdogo wangu, na kila Idi alimpelekea sahani. Alikuwa amepiga pasi gauni la Jumatatu na kulitundika dirishani ili lisipate mikunjo. Alimkalisha kitini, yeye akakaa kwenye kigoda, akamimina chai ya tangawizi na kuanza kueleza jinsi mumewe alivyopewa ruhusa huko mashambani ya kuja kusikiliza, na jinsi shemeji zake watakavyokuja wote, mpaka bibi yake Mwinjuma asiyeona, ambaye alitaka tu kuisikia ile sauti ikihukumiwa.

"Dada," Tunu alisema, "Jumatatu hakuna kesi."

Mama Mwinjuma aliuliza imeahirishwa mpaka lini. Tunu akasema haikuahirishwa. Akaeleza alichoruhusiwa kueleza: kwamba somo lililomkamata tabibu limekanwa, kwamba maneno yake yamefunikwa na hayawezi kutolewa tena, na kwamba Tabibu Mfaume ataachiwa. Alieleza bila kusimama, kama anayevuka barabara amefumba macho.

"Limekanwa na nani?"

"Na mimi."

Buli lilikuwa bado mkononi mwa Mama Mwinjuma. Akalitua. Akauliza kama alilazimishwa, na Tunu akasema hapana. Akauliza kama basi yale maneno hayakuwa ya kweli, kama ile sauti iliyocheka haikuwa ya tabibu. Hapo Tunu angeweza kuokoka. Angesema ndiyo, tulikosea, na mama yule angempa udhuru. Hakuweza kumfanyia hivyo mfiwa.

"Yalikuwa ya kweli, dada. Alisema vile."

Mama Mwinjuma alimtazama. Macho yake hayakuwa na machozi, yalikuwa yakitafuta, kama mtu anayemkagua mgeni aliyevaa sura ya ndugu yake.

"Alikupa nini?"

"Nani?"

"Mfaume. Alikupa nini? Kiwanja? Alikupa gari? Niambie tu, sitakwenda popote kushtaki. Nataka kujua mwanangu ameuzwa kwa kitu gani."

"Hakunipa kitu."

"Basi ni nani aliyekupa?"

Tunu alifungua kinywa. Lilikuwa pale, ncha ya ulimi: kuna mwanamke, dada, ana mtoto. Angelisema, na huyu mama, kwa alivyomjua, huenda angelia naye na kumsamehe. Kisha shemeji angeuliza, na shemeji angeambiwa, na bibi asiyeona angeambiwa, na mpaka Jumatatu maneno yangekwishafika kwenye malori. Na yeye alikuwa amekwishatoa siri mara moja maishani ili watu wamwone mwema. Akafunga kinywa.

"Hakuna aliyenipa kitu," alisema.

"Hakuna anayefanya jambo kama hili bure, Tunu." Hakusema mdogo wangu.

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Mama Mwinjuma aliinuka, akalishusha gauni dirishani, akalikunja mara mbili juu ya kifua chake na kuliweka kitandani. Aliporudi hakukaa.

"Kunywa chai yako, isipoe," alisema. "Kwangu mgeni haondoki na kiu. Ukimaliza, nenda, na usinirudie tena."

Tunu akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa ya moto mno na tangawizi yake kali. Akainywa yote, akiwa amesimamiwa, mpaka tone la mwisho.